Moshi, Nyumba na Pumzi: Historia ya Hewa ya Ndani katika Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa, 1877 hadi Sasa

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya hewa ya ndani ya nyumba katika Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, tangu wasafiri wa Ulaya walipoanza kuandika habari za makazi ya Wanyakyusa hadi kutolewa kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024. Inadai kwamba madhara ya moshi hayawezi kuelezwa kwa kutazama kuni na jiko pekee. Madhara hayo yalitegemea, na yanaendelea kutegemea, namna nyumba ilivyojengwa na namna jamii ilivyogawa kazi, chakula na malazi ndani yake. Katika kipindi hicho nyumba ilibadilika sana, ilhali mafiga yalibaki yalivyokuwa.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sera nchini Tanzania, moshi wa jikoni huzungumzwa kama masalio ya zamani: mila ya kale iliyochelewa kuondoka, ambayo gesi na umeme vitaiondoa. Mkakati wa mwaka 2024 unakusudia kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Katika maelezo ya serikali hutajwa vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi huo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Namba hizi ni makadirio ya kihesabu. Huchukua idadi ya kaya zinazotumia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo au mafuta ya taa, kisha huzihusianisha na magonjwa ambayo moshi hujulikana kuyaongeza. Hakuna daktari aliyeandika neno "moshi" kwenye cheti cha kifo mara 33,000. Sisemi hivyo ili kuzipuuza. Nasema hivyo kwa sababu ukokotoaji wa namna hii huona nishati tu, nyumba hauioni. Kaya inayopika kwa kuni chini ya mti na kaya inayopika kwa kuni hizo hizo ndani ya chumba cha matofali chenye dirisha moja lililozibwa huhesabiwa pamoja.

Kwa mwanahistoria, tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala, na Kyela ni mahali pazuri pa kuionyesha. Uwanda huu uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya Rungwe na Livingstone, na unapitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoteremka kuelekea ziwani. Mvua yake ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, na humwagika kwa nguvu zaidi kati ya Machi na Mei. Hali hiyo ndiyo iliyoleta mpunga, migomba, kakao na michikichi, na pia mafuriko na mbu. Jambo moja dogo hupita bila kutajwa katika maandishi ya uchumi wa Kyela, nalo ni kwamba mvua huingiza moto ndani. Kiangazi mtu anaweza kupika uani. Mwezi Aprili, kuni zikiwa mbichi na uani kumejaa maji, hawezi.

2.0 Nyumba ya mianzi

Balozi mdogo wa Uingereza, Frederic Elton, alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1877, na Joseph Thomson akafuata mwaka 1879. Wote wawili waliisifu nchi hii kwa namna ambayo hawakuzisifu nyingi walizozipita. Thomson alivutiwa na migomba, na usafi wa viwanja, na nyumba zilizojengwa kwa ustadi. Wamisionari waliofika mwaka 1891, yaani Wamoraviani huko Rungwe na Waluteri wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, waliandika mengi yanayofanana na hayo. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma mwaka 1906, aliongeza picha na maelezo ya kina.

Kutokana na maandishi hayo tunapata sura ya nyumba yenye kuta za mianzi, mara nyingi zikielemea nje kidogo, zikiwa zimejazwa udongo uliofinyangwa, na juu yake paa nene la nyasi. Zilikuwapo nyumba za mviringo na zilikuwapo ndefu. Katika hizo ndefu, ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, upande wao ukiwa umetengwa. Kwa Wanyakyusa ng'ombe walikuwa mahari, urafiki, sadaka na heshima; kuwaacha nje usiku kwenye mvua, chui na wezi kulikuwa upuuzi.

Moto uliwaka katikati ya yote hayo, na haukuwa wa kupikia tu. Joto na moshi vilikausha paa la nyasi, ambalo bila hivyo lingeoza haraka katika nchi yenye mvua kama hii. Moshi uliwafukuza wadudu waharibifu kwenye mianzi na kwenye nafaka zilizowekwa uchagani juu ya mafiga, na masizi yaliyogandamana kwenye kamba na mianzi yaliilinda dhidi ya dumuzi. Uliwapunguza mbu, walau kwa mtu aliyekaa karibu. Ulikausha samaki pale jua lilipokosekana. Hivyo mjenzi aliyeacha nyumba bila bomba la moshi hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anautumia moshi.

Isidhaniwe kwamba nasifu hewa ya nyumba hiyo. Kuta nyeusi kwa masizi ni ushahidi wa kile kilichoingia vifuani. Mapafu ya maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale, na ya yule mtu wa barafu aliyepatikana milima ya Alps mwaka 1991, yamekutwa na weusi wa kaboni ya moto wa ndani; binadamu amevuta moshi wake mwenyewe kwa maelfu ya miaka. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo: nyumba ya mianzi na nyasi ilikuwa na matundu. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa, ukapenya taratibu kati ya nyasi na kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Aliyeketi chini kwenye kigoda alivuta kidogo kuliko aliyesimama. Adabu ya kuketi mara tu uingiapo nyumba ya mwenzako ilikuwa na faida kwa mapafu, ijapokuwa haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Wageni wa karne ya 19 waliiogopa hewa nyingine kabisa. Hadi Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria, tabibu wengi wa Ulaya waliamini kwamba homa hutoka kwenye mvuke wa mabwawa. Jina lenyewe la malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Mmoja wa Wamoraviani wanne wa kwanza, Georg Martin, alifariki mwaka ule ule wa 1891 waliofika. Si ajabu kwamba vituo vikuu vilipandishwa milimani, ingawa Wamoraviani walifungua pia kituo cha Ipyana katika uwanda wa Kyela mwaka 1894. Kwa watu hao hewa ya hatari ilikuwa nje, juu ya maji na matope, na nyumba ilikuwa kinga dhidi yake. David Livingstone, alipokuwa ziwani mwaka 1861, aliona mawingu meusi yakipanda kutoka majini na kuyadhania ni moshi wa nyasi zinazoungua maili nyingi. Yalikuwa makundi ya wadudu wa ziwa, kungu, ambao wakazi wa mwambao huwakusanya na kuwafanya mikate.

3.0 Nani aliketi karibu na moto

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Kutokana na kazi hiyo Monica Wilson alichapisha Good Company mwaka 1951, kisha vitabu viwili kuhusu matambiko, mwaka 1957 na 1959. Swali lake kuu halikuwa afya. Alitaka kujua kwa nini Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika badala ya vijiji vya ukoo. Hata hivyo, msomaji anayekipitia kitabu hicho huku akifikiria hewa ya ndani atakuta kwamba ni miongoni mwa maelezo bora tuliyo nayo kuhusu nani alivuta moshi na nani hakuuvuta.

Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka nyumbani kwa baba yake na kwenda kulala na wenzake katika vibanda walivyojijengea wenyewe pembeni. Waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya adabu: haikupasa kijana anayekua awe karibu na mambo ya ndoa ya wazazi wake. Kijiji hicho cha wavulana kilikua pamoja nao hadi wakawa wanaume wenye wake na mashamba. Kilele cha maisha mema kilikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako, kula nao na kunywa nao. Wanaume walikula kwa makundi chakula kilichopikwa na wake zao na kuletwa pale walipokaa.

Tukiutafsiri mpangilio huu kwa lugha ya hewa, matokeo ni ya kushangaza. Utaratibu wa rika ulimwondoa mtoto wa kiume usiku kwenye nyumba ya mapishi akiwa bado mdogo, na ulimtenga mwanamume mzima na mafiga wakati wa kula. Msichana hakuondolewa. Alibaki akijifunza kazi za mama, kisha akaingia katika nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake na moto wake. Zaidi ya hayo kulikuwa na mwiko mkali wa mkamwana na baba mkwe. Hawakupaswa kuonana, mkamwana alijificha au kupita njia nyingine, na mzee hakukanyaga nyumbani kwake. Wilson aliuona mwiko huo kama kiungo cha mfumo mzima wa kutenganisha vizazi. Kwangu mimi unaonyesha pia mahali ambapo mwili wa mwanamke kijana ulihimizwa uwe: ndani, karibu na mafiga, mlango ukiwa nusu. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Na kwa kuwa uzazi wa mama huyo ungefuatwa na mwingine, mgongo ule ulikuwa na mtoto mchanga kwa miaka mingi.

Ninatambua kwamba hapa natumia vitabu vya Wilson kujibu swali ambalo yeye hakuuliza. Hiyo ni haki ya mwanahistoria, mradi asimtie mwandishi maneno kinywani.

Kuhusu chanzo cha magonjwa, Wilson alirekodi fikra inayostahili kusimamiwa kidogo. Wanyakyusa walisema kwamba mtu aliyekosea jamaa au majirani, kwa mfano aliyewanyima nyama ya sherehe au aliyemdharau baba yake, angeweza kupatwa na "pumzi ya watu". Ilikuwa baridi iliyomwingia kutokana na manung'uniko ya wenzake, ikamletea homa au kumlegeza viungo. Manung'uniko hayo yaliyosemwa kwa haki hayakuwa uchawi wa kuhukumiwa; ilikuwa adhabu halali ya jamii. Hewa inayoua, kwa maelezo haya, ilitoka kwa majirani. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 palikuwa na nadharia mbili za hewa mbaya katika mwambao mmoja: ile ya Wazungu, iliyokwisha kushindwa kisayansi lakini bado ikiishi katika mipango ya makazi yao ya vilimani, na ile ya Wanyakyusa, iliyoishi katika mazungumzo ya kila siku. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoutazama moshi wa nyumbani. Moshi ulikuwa kitu cha kawaida mno kuweza kushtakiwa.

4.0 Bati na tofali

Nyumba ilianza kubadilika kwa fedha iliyotoka mbali. Dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa Mbeya, iliwavuta vijana kwa maelfu katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine walikwenda migodi ya Kaskazini mwa Rhodesia na Afrika Kusini. Kahawa ya Rungwe na mpunga wa Kyela viliongeza kipato kwa waliobaki. Baadhi ya waliotoka migodini walirudi na jambo la ziada: vumbi la mawe ya dhahabu hujeruhi mapafu na kumweka mtu katika hatari kubwa ya kifua kikuu, na mtu huyo alikuja kulala katika chumba kimoja na familia yake. Aidha, kifua kikuu cha ng'ombe kilikuwapo katika eneo pana la Nyanda za Juu Kusini. Kazwala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walithibitisha hivyo kwa vipimo vya maabara. Nyumba ndefu ya kale, penye ng'ombe na watu chini ya paa moja, inapaswa kufikiriwa pia kwa jicho hilo.

Mfano wa nyumba mpya ulikuwapo tayari katika vituo vya misheni: kuta za matofali, pembe nne, vyumba vilivyogawanywa, madirisha. Kuwa na nyumba ya namna hiyo kulikuwa ishara ya elimu, ya Ukristo na ya fedha. Baadaye likaja bati. Bati halihitaji moshi ili lidumu, halivuji, halishiki moto, na linadumu miaka mingi bila kuezekwa upya. Mwanamke aliyewahi kukata na kubeba nyasi za kuezekea hahitaji mtafiti wa kumweleza uzuri wa bati.

Lakini bati halipitishi hewa. Tofali la kuchoma lililopigwa lipu halipitishi hewa. Dirisha, ambalo kwa mmisionari lilikuwa la kuingiza mwanga na upepo, katika nyumba nyingi za uwandani likawa dogo, likawekwa mbao au kujazwa matofali kwa kuhofia wezi na mbu. Mafiga yakabaki matatu, kuni zikabaki zile zile, na pale fedha ziliporuhusu jiko likatengwa katika kibanda cha nyuma. Huko nyuma mara nyingi ndiko nyasi na mianzi zilikobakia, na pengine hilo liliwanusuru wengi. Pale fedha ziliposhindwa kufikia kibanda cha pili, mapishi ya masika yakafanyika ndani ya nyumba iliyokwisha kuzibwa. Hiyo ndiyo sababu sikubali moshi wa Kyela uitwe masalio ya kale. Kwa sehemu ni zao la maendeleo: familia ilipata nyumba bora na kupoteza matundu kabla ya kupata nishati nyingine.

Vyanzo vingine viliingia pamoja na nyumba mpya. Koroboi ya mafuta ya taa huwaka bila kioo na kutoa masizi mengi kuliko ukubwa wa mwanga wake. WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2014 ilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, huwashwa usiku kucha katika vyumba vya kulala, vyumba vya wageni na maduka. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba mzunguko mmoja unaweza kutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Jiko la mkaa huaminiwa kwa kuwa halitoi moshi unaoonekana. Linachotoa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika baridi ya Rungwe na Njombe, wanaoliingiza chumbani ili kujipasha joto hulala bila kuamka. Kyela joto huwazuia watu kufanya hivyo, isipokuwa katika masika. Halafu kuna unyevu: kuta zilizoloweshwa na mafuriko huota ukungu, na ukungu huo huchochea pumu kwa watoto wasiowahi kuukaribia moto.

Mgongano mkubwa zaidi ni ule wa moshi na malaria. Wataalamu wa malaria hupendekeza kuziba uwazi kati ya ukuta na paa, kwa kuwa mbu aina ya Anopheles gambiae huingilia hapo. Jaribio la Gambia lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba kuweka wavu kwenye nyumba kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Mtaalamu wa hewa huutaka uwazi ule ule ubaki wazi. Wavu hutatua sehemu ya tatizo, kwa kuwa hupitisha hewa na kuzuia mbu. Fundi wa kijijini mwenye matofali na udongo hazibi kwa wavu. Anaziba kwa matofali na udongo.

5.0 Kuhesabu madhara

Sayansi ya moshi wa majumbani ilichelewa. Barani Afrika, mojawapo ya kazi za mwanzo ni ya Sofoluwe, aliyechapisha mwaka 1968 uchunguzi wa watoto wa Lagos wenye homa ya mapafu na moshi uliokuwa katika nyumba zao. Nchini Tanzania, kazi ya kuanzia ni ya Mtango na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1992, kuhusu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano wilayani Bagamoyo. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kifo, walilitaja hili: mtoto kulala katika chumba kinachopikiwa. Naisisitiza kazi hiyo kwa sababu waliuliza swali la nyumba. Wengi waliofuata waliuliza swali la nishati. Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba za Laikipia, Kenya, wakaonyesha mwaka 2001 kwamba maambukizi ya njia ya hewa huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini si kwa mstari ulionyooka. Ongezeko ni kali katika viwango vya chini, kisha hupungua kasi. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kupunguza moshi mwingi sana kuwa mwingi kunaweza kuleta nafuu ndogo mno.

Utaratibu wa madhara unajulikana vyema sasa. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupita puani na kooni, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia damuni. Huko huchochea uvimbe unaoharibu mapafu, mishipa na moyo. Kwa mama mjamzito, kaboni monoksaidi hupunguza oksijeni inayomfikia mtoto, na watoto huzaliwa na uzito mdogo. Macho hupata mtoto wa jicho mapema. Kiwango ambacho WHO ilikipendekeza mwaka 2021 ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Jiko la kuni ndani ya chumba hufikia mamia, na wakati wa kupika hata maelfu.

Kwa ushahidi wa namna hiyo, ilionekana dhahiri kwamba jiko bora lingeokoa watoto. Jaribio kubwa la kulithibitisha lilifanyika jirani kabisa na eneo la insha hii. Ng'ambo ya Mto Songwe ndiko Karonga, nchi ya Wangonde, ambao lugha na asili yao ni ndugu wa karibu wa Wanyakyusa. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watafiti walioongozwa na Kevin Mortimer waliandikisha watoto 10,750 katika vikundi 150 vya vijiji vya wilaya za Karonga na Chikwawa, Malawi. Nusu ya vikundi vilipewa majiko mawili yenye feni, yanayounguza kuni vizuri zaidi na kuchajiwa kwa nishati ya jua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017. Homa ya mapafu ilitokea mara 15.76 kwa kila miaka-mtoto 100 kwa waliopewa majiko, na mara 15.58 kwa wasiopewa. Hakukuwa na tofauti.

Waandishi wenyewe walieleza kwamba moshi mwingine, wa takataka zinazochomwa, wa tumbaku na kadhalika, huenda ulifunika faida ya jiko. Majiko pia yaliharibika na kuhitaji matengenezo ya mara kwa mara. Maelezo hayo yana uzito. Ningeongeza kwamba jaribio hilo lilibadilisha kitu kimoja tu katika mfumo wenye vitu vingi, na kitu chenyewe hakikuwa nyumba. Jiko liliingia katika kuta zile zile, chini ya paa lile lile, mikononi mwa mama yule yule mwenye mtoto mgongoni. Mwanahistoria wa Unyakyusa hashangai sana. Katika mwambao huu, aliyekuwa mbali na moshi aliwekwa mbali na desturi ya malazi na milo, na aliyekuwa karibu naye aliwekwa karibu na desturi hiyo hiyo. Chombo cha kupikia kilikuwa sehemu ndogo ya jambo lenyewe.

Zipo hoja dhidi ya msimamo huu, na iliyo nzito zaidi ni ya jaribio la nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo, ambako kaya zilipewa gesi kabisa. Moshi ulipungua sana, na bado homa ya mapafu kali kwa watoto wachanga haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Kwa hiyo hata hewa safi zaidi jikoni haikutosha. Lishe, chanjo na umbali wa zahanati vinabaki kuwa washukiwa. Nakubali. Hata hivyo, homa ya mapafu ya utotoni ni tawi moja tu la madhara. Mapafu yanayoziba polepole kwa bibi wa miaka sitini, na macho yake, hayapimwi kwa jaribio la miaka miwili.

6.0 Makaa ya Kiwira

Historia hii imeingia sasa katika hatua ambayo watunga sera wa Mbeya na Songwe hawana budi kuitazama kwa makini. Kaskazini-magharibi mwa Kyela kuna makaa ya mawe ya bonde la Songwe na Kiwira, yaliyojulikana tangu enzi za Wajerumani na kuchimbwa kibiashara katika mgodi wa Kiwira tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya karibuni Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) limekuwa likitengeneza kwa makaa hayo vitofali vya kupikia vinavyouzwa kwa jina la Rafiki Briquettes, na kuvitangaza kuwa mbadala wa mkaa na kuni, hasa kwa shule, magereza na taasisi nyingine zilizoagizwa kuacha kuni. Kwa misitu ya Rungwe hiyo ni habari njema. Mpishi wa shule ya bweni anayesimama kila siku mbele ya sufuria la uji wa wanafunzi mia kadhaa huenda akaona nafuu ya macho tangu wiki ya kwanza.

Hata hivyo, kwa mapafu macho si kipimo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka moshi wa kuni za ndani katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa majumbani katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 unakataza makaa ya mawe yasiyosindikwa kutumika majumbani. Vitofali vya Kiwira vimesindikwa, kwa hiyo katazo hilo haliwahusu moja kwa moja watengenezaji wake. Linawapa wajibu wa kuonyesha, kwa vipimo vilivyochukuliwa ndani ya majiko halisi, kile kilichoondolewa na kile kilichobaki.

Mfano wa kulinganisha upo, ingawa ni wa mbali. Katika wilaya ya Xuanwei, kusini-magharibi mwa China, wanawake wasiovuta sigara walikuwa na viwango vya saratani ya mapafu vya juu mno. Chanzo kilikuwa makaa ya mawe yenye moshi, yaliyochomwa katika mashimo ya moto ndani ya nyumba zisizo na dohani. Tangu miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamia kwenye majiko yenye dohani. Utafiti wa Lan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba katika kaya hizo hatari ya saratani ya mapafu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, kwa wanaume na kwa wanawake, ilhali makaa yenyewe yalikuwa yale yale. Kilichobadilishwa kilikuwa tundu la kutokea moshi.

Vipimo vya vitofali vya Kiwira vikichukuliwa Kyela, vichukuliwe mwezi Aprili, katika nyumba ya matofali na bati ambayo mapenu yake yamezibwa, na kifaa kifungwe kwenye kimo cha mtoto aliye mgongoni.